Balozi ni wa nani? Maisha ya Daniel Kurtzer, kutoka ofisi ya amidi hadi Kairo na Tel Aviv

Kila vita vinapozuka upya kati ya Israeli na majirani zake, mjadala hufufuka vijiweni na katika mitandao ya kijamii, na ndani ya mjadala huo Myahudi, Mwisraeli na Mmarekani huchanganywa kana kwamba ni mtu mmoja. Msomaji akiambiwa kwamba mwanadiplomasia fulani wa Marekani ni Myahudi, hukata shauri papo hapo kwamba huyo ni mtu wa Israeli, kwamba ametumwa kuitetea, na kwamba nchi ya Kiarabu iliyompokea imejiingiza mtegoni. Hoja hiyo huisikii kwa wajinga peke yao. Husemwa pia na watu waliosoma na wenye nia njema, na ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa subira. Naona njia bora ya kuijibu ni kufuata maisha ya mtu mmoja hatua kwa hatua: Daniel Kurtzer, Myahudi mshika dini wa Marekani aliyewahi kuwa amidi, yaani mkuu wa ndaki, katika chuo kikuu, kisha akawa balozi wa nchi yake nchini Misri, na baadaye nchini Israeli.

Tuanze na maana za maneno. Myahudi ni mtu wa dini ya Kiyahudi au wa nasaba ya Kiyahudi, na anaweza kuwa raia wa nchi yoyote. Wapo Wayahudi Waganda, jamii ya Abayudaya wanaoishi karibu na Mbale, ambao historia yao inaanzia kwa Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyeifuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919, na ambao ni Waganda kwa uraia wao kama jirani zao walivyo. Mwisraeli ni raia wa dola iliyotangazwa mwaka 1948, na takriban mmoja kati ya kila raia watano wa dola hiyo ni Mwarabu, wengi wao wakiwa Waislamu. Uzayuni ni itikadi ya kisiasa inayohusu kuwapo kwa dola ya Wayahudi, na wafuasi wake si Wayahudi wote wala si Wayahudi peke yao. Nalo neno Othodoksi, linapotumika kwa Wayahudi, halihusiani na makanisa ya Kikristo ya Ugiriki au Ethiopia. Linawataja Wayahudi wanaojifunga na sheria ya dini yao katika chakula, katika Sabato na katika mambo ya kila siku. Kurtzer ni mmoja wao.

Neno la mwisho la kufafanua ni balozi, na hapa desturi yetu wenyewe ya posa inatusaidia kuliko kitabu cha sheria. Mshenga anayetumwa kwenda kuposa anaweza kuwa na undugu na upande wa binti. Mara nyingi huchaguliwa kwa sababu hiyo hasa, kwa kuwa anaijua nyumba anayoiendea na anajua namna ya kuzungumza na wazee wake. Hata hivyo, maneno anayoyapeleka ni ya waliomtuma, mahari anayoitaja ni ile waliyokubaliana wao, na akiongeza lake kwa siri amevunja kazi yake. Balozi naye ni hivyo. Anabeba hati za utambulisho zilizotiwa saini na mkuu wa nchi yake, hupokea maelekezo kutoka makao makuu, na anaposema jambo hadharani husemea serikali yake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaohusu mahusiano ya kidiplomasia unaongeza sharti lingine ambalo wengi hawalijui: kabla ya balozi kuteuliwa rasmi, nchi inayompokea huombwa ridhaa, na inaweza kukataa bila kutoa sababu yoyote. Kwa hiyo hakuna balozi anayepandikizwa. Kila aliyepo amekubaliwa na mwenyeji wake.

Kurtzer alizaliwa mwaka 1949 katika mji wa Elizabeth, jimbo la New Jersey. Masomo yake ya shahada ya kwanza aliyafanya katika Chuo Kikuu cha Yeshiva jijini New York na kuyamaliza mwaka 1971. Chuo hicho kina utaratibu wa pekee: kwa desturi, vijana husoma Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya sheria ya Kiyahudi, na sheria ya dini asubuhi, kisha mchana wakaingia madarasa ya fizikia, historia, fasihi na siasa, kama wanafunzi wa chuo kingine chochote cha Marekani. Fikra iliyo nyuma ya utaratibu huo ni kwamba mtu anaweza kuwa mtiifu kamili kwa dini yake na wakati huohuo akawa raia kamili wa ulimwengu wa elimu na kazi. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu shahada ya uzamivu mwaka 1976. Tasnifu yake haikuwa ya mambo ya dini hata kidogo. Ilihusu vita vya msituni vya Wapalestina na namna Israeli ilivyovijibu.

Mwaka huohuo wa 1976 aliingia katika utumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Hakukaa. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 28, aliondoka wizarani na kurudi Yeshiva kuwa amidi wa ndaki ileile aliyokuwa mwanafunzi wake, na akaishika kazi hiyo hadi mwaka 1979.

Wanaosimulia habari zake hupita haraka juu ya miaka hii miwili, nami nadhani wanakosea. Watu wengi hufikiri kwamba kiongozi wa ndaki ni mtu wa kutia saini vyeti na kukaa jukwaani siku ya mahafali. Kwa kweli amidi ni mtu mwenye dhamana kubwa na amri ndogo. Anasimamia mitaala, lakini hawezi kumwamuru profesa afundishe nini ndani ya somo lake. Anabeba malalamiko ya wanafunzi, matarajio ya wazazi, mashaka ya wafadhili na hofu za uongozi wa juu, na kila kundi kati ya hayo linaamini kwamba amidi yuko upande wa makundi mengine. Katika chuo chenye madarasa ya dini na ya elimu dunia chini ya paa moja, mvutano huo huongezeka mara mbili, maana kila saa inayoongezwa upande mmoja huonekana imeibwa upande wa pili. Anayedumu katika nafasi hiyo hudumu kwa kusikiliza, kwa kuandika barua zilizopimwa neno kwa neno, na kwa kutafuta mapatano ambayo hakuna anayeyapenda sana ila kila mmoja anaweza kuishi nayo. Sina haja ya kueleza kwa nini mtu wa namna hiyo anafaa ubalozini.

Mwaka 1979 alirudi wizarani na kupelekwa Kairo kama afisa wa siasa. Ulikuwa wakati mgumu kupita kiasi kwa kituo hicho. Misri ilikuwa imetia saini mkataba wa amani na Israeli tarehe 26 Machi mwaka huo, na kwa sababu hiyo ilisimamishwa uanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, ambayo ilihamishia makao yake Tunis. Mwanzoni mwa 1980 Israeli ilifungua ubalozi wake Kairo, na tarehe 6 Oktoba 1981 Rais Anwar Sadat aliuawa kwa risasi akitazama gwaride. Kurtzer alikuwa katika mji huo kwa kipindi chote hicho, akifanya kazi ya afisa wa siasa, ambayo kwa maneno mepesi ni kukutana na watu, kusoma magazeti ya nchi, kuelewa nani anasema nini na kwa nini, kisha kuripoti Washington kwa uaminifu hata pale ambapo ripoti haitapendeza.

Mwaka 1982 alihamishiwa ubalozi wa Tel Aviv, na mwaka huohuo Israeli iliivamia Lebanoni. Alikaa huko hadi 1986, akaondoka akiwa ameziishi pande mbili za mkataba uleule. Mpangilio huo wa vituo haukuwa wa kubahatisha. Wizara za mambo ya nje huwalea wataalamu wa eneo kwa kuwazungusha ndani ya eneo hilo, kwa kuwa mtu aliyekunywa chai katika nyumba za Kairo na za Tel Aviv huisoma taarifa moja kwa macho mawili.

Aliporudi Washington aliingia idara inayopanga sera, na baadaye ofisi inayoshughulikia Mashariki ya Karibu. Hapa ndipo lilipo tukio ambalo peke yake linatosha kuutikisa uvumi tulioanza nao. Tarehe 22 Mei 1989, Waziri wa Mambo ya Nje James Baker alisimama mbele ya AIPAC, jumuiya yenye nguvu kubwa inayoitetea Israeli nchini Marekani, akawaambia wasikilizaji wake kwamba wakati umefika kwa Israeli kuiweka kando, mara moja na kwa daima, ndoto isiyotekelezeka ya Israeli Kubwa, yaani Israeli inayojumuisha pia maeneo ya Wapalestina inayoyakalia, akiitaka pia isimamishe ujenzi wa makazi ya walowezi wa Kiyahudi katika maeneo hayo. Waliomkaribisha hawakuzoea kusikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa waziri wa Marekani. Kurtzer alikuwa miongoni mwa walioiandaa hotuba ile. Myahudi mshika Sabato alishiriki kuandika maneno ambayo Waziri Mkuu wa Israeli Yitzhak Shamir hakupenda kabisa kuyasikia, na aliyaandika kwa sababu ndiyo iliyokuwa sera ya serikali aliyoitumikia.

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Oktoba 1991, ulifunguliwa mkutano wa amani wa Madrid, ambapo Israeli ilikaa meza moja na Syria, Lebanoni, na ujumbe wa pamoja wa Jordani na Wapalestina. Kurtzer alikuwa katika kikosi cha Baker pamoja na Dennis Ross na Aaron David Miller, na wote watatu ni Wayahudi. Waarabu wengi waliuliza, na swali lao lilikuwa na uzito, kama kikosi cha namna hiyo kinaweza kuwa mpatanishi wa haki. Wakati huohuo mrengo wa kulia nchini Israeli uliwatuhumu watu haohao kwamba wanaisaliti damu yao. Jawabu langu kwa swali la Waarabu ni hili: upendeleo wa Marekani kwa Israeli ni jambo la kweli, lakini chanzo chake ni siasa za Bunge la nchi hiyo, mikataba ya silaha, maslahi ya kimkakati na hisia za wapiga kura, wengi wao wakiwa Wakristo. Marais na mawaziri walioutengeneza upendeleo huo kwa karibu wote hawakuwa Wayahudi. Kuutafuta katika jina la ukoo la afisa mmoja ni kuacha mlango ulio wazi na kupekua dirisha, na zaidi ya kuwa kosa la hoja ni dhuluma kwa mtu.

Mwishoni mwa 1997 Rais Bill Clinton alimteua balozi wa Marekani nchini Misri. Serikali ya Rais Hosni Mubarak iliombwa ridhaa, nayo ikairidhia, ikijua vyema kwamba anayekuja ni Myahudi wa Othodoksi. Baadhi ya magazeti ya Kairo hayakuridhika, na katika miaka iliyofuata yalichapisha mashambulizi yaliyolenga dini yake badala ya sera alizozibeba. Lakini kazi iliendelea. Misri wakati huo ilikuwa ikipokea takriban dola bilioni 2 za msaada wa Marekani kwa mwaka, kati yake bilioni 1.3 zikiwa za kijeshi, na balozi ndiye aliyesimamia uhusiano huo wote. Tarehe 31 Oktoba 1999 ndege ya EgyptAir iliyotoka New York kwenda Kairo ilianguka katika Atlantiki na kuua watu wote 217 waliokuwamo. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba ndege ilishushwa kwa vitendo vya rubani msaidizi, Wamisri wakaupinga uamuzi huo na kuona ndani yake dharau kwa dini yao na kwa mtu aliyekufa. Ubalozi wa Marekani Kairo ukajikuta katikati ya uchungu huo, ukibeba msimamo wa nchi yake mbele ya taifa lililokuwa katika msiba.

Na dini yake je? Msomaji anaweza kujiuliza mtu anayefuata sheria ya kosha, yaani sheria ya Kiyahudi ya vyakula, anaandaaje karamu rasmi, au balozi anayeshika Sabato anafanyaje simu ikilia Jumamosi. Kuhusu chakula, jawabu ni jepesi: jiko la makazi ya balozi liliendeshwa kwa sheria hiyo, na wageni wakala walichopikiwa. Kuhusu Sabato, sheria ya Kiyahudi yenyewe ina kanuni kwamba kuokoa uhai hutangulia karibu kila amri nyingine, kwa hiyo katika jambo la dharura linalogusa roho za watu mshika dini hana tu ruhusa ya kutenda; ana wajibu wa kutenda. Watu wanaodhani kwamba dini kali na utumishi wa umma haviwezi kukaa pamoja hawajaitazama kwa makini dini yoyote.

Mwaka 2001 alihama Kairo na kwenda kuwa balozi nchini Israeli, safari hii akiwa ameteuliwa na George W. Bush wa chama cha Republican, baada ya kumtumikia Clinton wa Democratic. Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za mabalozi wa Marekani. Wapo wanaoteuliwa kwa ukaribu wao na rais, ambao kwa desturi ni kama theluthi moja, na wapo wanaopanda ngazi kutoka ndani ya wizara, ambao hubaki serikali inapobadilika. Kurtzer ni wa kundi la pili. Wala hakuwa Myahudi wa kwanza kukishika kituo cha Tel Aviv. Martin Indyk alikuwa amemtangulia mwaka 1995.

Ungetarajia, kwa mujibu wa uvumi, kwamba huko angepokelewa kama mwana aliyerudi nyumbani. Mwezi Januari 2002, wakati walemavu wa Israeli walipokuwa wakidai nyongeza ya ruzuku, Kurtzer alieleza kwamba fedha zinazomiminwa katika makazi ya walowezi zingefaa zaidi kuwasaidia watu kama hao. Mbunge Zvi Hendel, aliyekuwa mkazi wa mojawapo ya makazi hayo katika Ukanda wa Gaza, alimtukana ndani ya Knesset, bunge la Israeli lililoko Yerusalemu, kwa neno la Kiebrania la kumdunisha Myahudi, neno lenye harufu ya matusi waliyotupiwa Wayahudi wa Ulaya kwa karne nyingi. Mtu aliyeshukiwa Kairo kwa kuwa Myahudi alitukanwa Yerusalemu kwa kutokuwa Myahudi wa kutosha. Katika miji yote miwili alikuwa akifanya kazi ileile.

Miaka yake minne Tel Aviv ilikuwa ya umwagaji damu. Intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya Israeli, ilikuwa imeanza Septemba 2000, mabomu ya kujitoa mhanga yalilipuka katika mabasi na migahawa, na majeshi ya Israeli yaliingia tena katika miji ya Ukingo wa Magharibi. Tarehe 30 Aprili 2003 Kurtzer ndiye aliyemkabidhi Waziri Mkuu Ariel Sharon ule mpango uliojulikana kama Ramani ya Njia, ulioandaliwa na Marekani, Umoja wa Ulaya, Urusi na Umoja wa Mataifa, na ambao baraza la mawaziri la Israeli liliupokea mwezi uliofuata likiambatanisha masharti 14. Tarehe 15 Oktoba 2003 msafara wa ubalozi wake uliingia Gaza kuwasaili Wapalestina walioomba ufadhili wa masomo wa Fulbright, na bomu lililotegwa barabarani likawaua walinzi watatu wa Kimarekani. Safari ya kuwatafutia vijana nafasi za chuo iliishia hivyo. Mtu aliyewahi kuwa amidi ndiye aliyekuwa mkuu wa ubalozi siku hiyo.

Kuna jambo la kiutendaji ambalo wengi hulikosea. Balozi wa Marekani Tel Aviv hakuwa msimamizi wa uhusiano na Wapalestina. Kazi hiyo ilikuwa ya konseli mkuu aliyekaa Yerusalemu na kuripoti Washington moja kwa moja, mpango uliodumu hadi baada ya ubalozi wenyewe kuhamishiwa Yerusalemu mwezi Mei 2018. Kwa hiyo anayemlaumu balozi wa wakati ule kwa kila jambo lililofanywa au kuachwa Ramallah, makao ya utawala wa Wapalestina, anamlaumu mtu asiyehusika.

Uhusiano huu wa asili na utumishi hauonekani kwa Wamarekani peke yao. Mwaka 2008 Ufalme wa Bahrain ulimteua Houda Nonoo, Myahudi kutoka jamii ndogo ya Wayahudi wa nchi hiyo, kuwa balozi wake Washington, na aliiwakilisha nchi ya Kiarabu na ya Kiislamu kwa miaka mitano. Israeli nayo ilimteua Ali Yahya, Mwarabu, kuwa balozi wake Finland mwaka 1995. Anayeamini kwamba damu ndiyo inayoongea kinywani mwa balozi atalazimika kusema kwamba Nonoo aliiwakilisha Israeli na Yahya akawawakilisha Waarabu, na sijamwona mtu aliye tayari kusema hivyo.

Kurtzer aliondoka Tel Aviv mwaka 2005, akastaafu utumishi wa serikali, na kurudi katika chuo kikuu, mara hii Princeton, akiwa profesa wa sera za Mashariki ya Kati. Mwaka 2007 alikuwa pia kamishna wa ligi ya besiboli iliyojaribiwa Israeli kwa msimu mmoja. Mwezi Juni 2009, wakati wanasiasa wa Israeli walipodai kwamba serikali ya Bush ilikuwa imewakubalia kuendelea kujenga ndani ya makazi ya walowezi, aliandika gazetini kwamba alikuwapo wakati wa mazungumzo hayo, na kwamba makubaliano kamili ya namna hiyo hayakufikiwa kamwe. Wakati huo hakuwa na hati ya mtu yeyote mfukoni, na maneno yale yalikuwa yake mwenyewe.